Turbo kwenye pikipiki ya theluji: petroli kwanza, upepo baadaye

Pistoni ya kwanza niliyoitoboa nikiwa Kanada ninayo mpaka leo. Iko juu ya kabati la spana hapa gerejini kwangu Calgary, na tundu lake linapitisha kidole cha shahada bila kugusa kingo. Vijana wanaokuja kujifunza wakiniuliza kwa nini siitupi, nawaambia hicho ndicho cheti changu.

Nilikuja huku na miaka kumi na moja ya ufundi wa Gerezani, Dar es Salaam, mikononi: Fuso, Scania, Isuzu. Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukume upepo ndani ya injini, nilikuwa nafungua na kufunga huku napiga soga. Kwa hiyo mteja mmoja, mkata miti wa upande wa Golden, aliponiletea pikipiki yake ya theluji (wenyewe wanaiita sledi) pamoja na turbo ya mtumba ndani ya boksi la viatu, nilimjibu "acha hapo" kabla hajamaliza swali. Kazi ilichukua wikiendi mbili. Ilipiga mluzi mtamu kabisa. Mlimani ilidumu dakika ishirini.

Nilikuwa nimefunga turbo ya petroli kwa akili ya dizeli. Dizeli inagandamiza upepo mtupu, mafuta yanapigwa na nozeli mwishoni. Ukiiongezea upepo bila kuongeza mafuta, haikasiriki, sanasana moshi unapungua. Kwenye petroli upepo na mafuta vinagandamizwa pamoja. Upepo ukizidi na petroli ikabaki ileile, joto linapanda na mchanganyiko unajilipukia wenyewe pembeni kabla moto wa plagi haujafika. Hapo ndipo injini inagonga, na pistoni ya aluminiamu haina ubavu wa kupigwa nyundo mara elfu nne kwa dakika. Kila pauni ya presha unayotaka, ilipie petroli yake kwanza.

Injini yenyewe

Naeleza kwa Yamaha FX Nytro, ile iliyotoka kama modeli ya 2008: silinda tatu, cc 1049, inatumia nozeli kutoka kiwandani, nguvu karibu farasi 130. Apex ya silinda nne inafuata njia hiyohiyo. RX-1 ya 2003 ni mashine nzuri lakini ina kabureta, na kupuliza presha kwenye kabureta ni somo jingine, sitaligusa hapa.

Kama una hela ya kutosha, sikiliza ushauri wa bure: nunua yenye turbo ya kiwandani. Yamaha Sidewinder ilianza na modeli ya 2017 ikiwa na cc 998 na nguvu za farasi zinazokaribia 200, na Ski-Doo wana 900 ACE Turbo. Hizo zimeundwa tangu mwanzo zibebe presha. Lakini Nytro za mtumba zipo, na tangu Yamaha watangaze mwaka 2023 kwamba wanaachana na biashara ya sledi, modeli za 2025 zikiwa za mwisho huku Amerika Kaskazini, wenye nazo wanazishikilia kama shamba la urithi.

Kabla ya chochote, pima injini. Usipime kompresheni tu: ingiza upepo kwenye kila silinda pistoni ikiwa juu kabisa, uangalie inavuja asilimia ngapi. Ikivuja zaidi ya 10, au silinda moja ikiachana sana na wenzake, hiyo ni kazi ya ringi na vali, siyo ya turbo. Turbo haiponyi injini iliyochoka, inaizika.

Hesabu za presha

Kaa chini na karatasi. Usawa wa bahari hewa ina presha ya pauni 14.7 kwa inchi ya mraba. Juu ya milima ya Revelstoke, tuseme mita 2,200, inabaki kama 11.2. Farasi wako 130 wa kwenye karatasi wanakuwa 99 pale juu, na ndiyo maana watu wa milimani wanaililia turbo kuliko watu wa tambarare.

Sasa ongeza pauni 9 za turbo. Kule juu 11.2 jumlisha 9 ni 20.2. Gawa kwa 14.7, zidisha kwa 130, unapata karibu 179. Hiyo ni hesabu ya daftarini. Joto na msukumo wa eksozi vitakula sehemu yake. Hata hivyo, kutoka farasi 99 kwenda hata 160 ni mashine nyingine kabisa.

Ila angalia upande wa pili. Chini, kubeba pauni 9 ni kuzidisha hewa mara 1.6. Kule juu ni mara 1.8, maana turbo inaanzia kwenye hewa nyepesi. Inazunguka zaidi na inapasha hewa zaidi. Nje kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, turbo ya wastani itatoa upepo wa nyuzi 45 hivi ukiwa chini, na karibu 60 ukiwa juu. Kwa hiyo intakula (kipoza upepo unaotoka kwenye turbo) inatakiwa hata kama unaendesha kwenye barafu tupu. Nilibishana sana na mteja kuhusu hili. Alisema nje ni baridi, ya nini. Tulimaliza ubishi kwa kufunga kipimajoto kwenye bomba.

Kushusha kompresheni

Injini hizi zinagandamiza kwa nguvu, 11 kwa 1, yaani kilichomo ndani ya silinda kinabanwa mpaka sehemu moja ya kumi na moja. Kwa petroli ya pampu ya oktani 91, presha ya pauni 4 au 5 unaweza kuibeba bila kufungua hedi kama petroli na taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) viko sawa. Ukitaka 9, shusha mpaka karibu 9 kwa 1. Njia nyepesi ni gasketi nene au bamba la kuinulia hedi, na unene wake usiutoe kichwani kwa mtu.

Silinda ya Nytro ina kipenyo cha milimita 82 na pistoni inatembea 66.2, yaani cc 349.6 kwa kila moja. Kwa 11 kwa 1, chumba cha moto juu ya pistoni ni cc 35. Kwa 9 kwa 1 kinatakiwa kiwe 43.7. Unahitaji kuongeza cc 8.7, na eneo la silinda ni sentimita za mraba 52.8, kwa hiyo bamba ni milimita 1.65. Mtu akikuuzia la milimita 3 akisema "ndiyo salama zaidi", utapata mashine nzito, isiyoamka mpaka turbo ishike.

Jambo ambalo wengi wanalisahau: ukiinua hedi, mnyororo wa kamshafti (shafti inayofungua vali) unavutwa na taimingi ya kamshafti inachelewa kidogo. Tafuta gia za kamshafti zinazorekebishika, pima kwa saa ya kupimia, rudisha mahali pake. Na bolti za hedi zikazwe kwa torki renchi kwa mpangilio wa kitabu, siyo kwa mkono wa Gerezani.

Oili, mahali nilipoaibika mara ya pili

Turbo nilichagua Garrett ya familia ya GT28. Ukubwa huo unatosha injini ya lita moja, inaamka mapema. Kubwa zaidi ni ya kupigia picha.

Oili ya kuingia ni rahisi: chukua kwenye njia kuu ya presha, weka kizuizi chenye kitundu kidogo ili isifurike. Oili ya kutoka ndiyo kazi. Ndani ya turbo haitoki na presha, inadondoka kama uji. Kwenye Fuso turbo inakaa juu, mpira mnene unashuka moja kwa moja kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, basi. Kwenye sledi hakuna nafasi. Turbo inaishia chini, karibu usawa mmoja na injini, na Yamaha hizi oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni, siyo chini ya injini.

Nilivyofunga mara ya kwanza mpira ulikuwa na mteremko wa kama vidole vitatu. Gerejini safi, haina hata harufu. Tukaenda mlimani. Jamaa akapanda mteremko mkali, na nyuma yake kukatanda wingu la buluu kama mtu anafukiza mbu. Akashuka, moshi ukakata. Akapanda, ukarudi. Nilisimama kwenye theluji inayofika mapajani, nikainamisha kichwa ubavuni kama pikipiki ilivyoinama, ndipo nikaona: pua ikielekea juu, mpira wangu wa mteremko unakuwa umelala, na oili inajaa ndani ya turbo mpaka inapita kwenye sili kuingia eksozi.

Dawa yake ni pampu ndogo ya kunyonya oili kutoka chini ya turbo kuirudisha kwenye tangi. Zipo za umeme na za kuendeshwa na injini. Ifunge, na kabla hujatoka gerejini inua pua ya sledi kwa winchi mpaka nyuzi 30, iache iungurume dakika kumi, kisha tazama eksozi. Jaribio hilo lingeniokoa safari ya kilomita 800 kwenda na kurudi.

Oili iwe sinthetiki nyepesi ya baridi, mfano 0W-40. Asubuhi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, oili nzito inafika kwenye turbo ikiwa imechelewa. Na kuzima ni kama basi la mkoani: iache iungurume dakika moja au mbili, turbo ipoe, ndipo uzime.

Petroli

Hapa usiwe bahili. Chukua lengo la farasi 200, ili ubaki na akiba siku mtu ataposhuka tambarare kwenye hewa nzito. Injini ya petroli yenye turbo inakula kama gramu 270 kwa kila farasi kwa saa. Mia mbili ni kilo 54 kwa saa, gramu 900 kwa dakika. Nozeli tatu, kila moja gramu 300. Lakini nozeli haitakiwi kukaa wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, kwa hiyo gawa kwa 0.8, inakuwa 375. Petroli ina gramu 0.72 kwa cc. Unatafuta nozeli za karibu cc 520 kwa dakika. Zilizokuja na injini hazifiki hapo hata kwa maombi.

Presha ya petroli nayo lazima ipande pamoja na presha ya turbo. Mifumo mingi inakaa pauni 43. Upepo ukisukuma pauni 9 upande wa pili wa nozeli, ile 43 inabaki 34 kwa kazi halisi, na injini inakaukiwa pale inapohitaji zaidi. Weka rejuleta ya petroli yenye mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya upepo ili pauni 9 za upepo zilete 52 za petroli. Usiamini, pima kwa geji. Pampu inayoonyesha 43 ikiwa imetulia inaweza kuzirai kwenye mzigo, na pistoni yangu ya kabatini ilikufa hivyohivyo: nozeli zilikuwa za zamani na pampu ni ya zamani.

Kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya kiwandani haijui kama umefunga turbo. Sensa zake nyingi za presha zinaishia kwenye presha ya hewa ya kawaida, zaidi ya hapo ni vipofu. Kwa hiyo ama unaandika upya programu yake na kufunga sensa inayosoma mpaka juu, ama unaongeza kiboksi cha pembeni kinachoongeza petroli kulingana na presha. Ya kwanza ni bora kwa sababu inakuruhusu kurudisha nyuma taimingi ya moto pia. Kanuni ya mafundi ni digrii moja kwa kila pauni ya presha, kisha unarekebisha kwa kusikiliza na kupima.

Na geji ya uwiano wa upepo na petroli siyo pambo. Ifunge palepale kwenye usukani. Sensa yake iwekwe baada ya turbo, siyo kabla, maana moto wa pale kabla unaiua mapema. Injini ikitembea taratibu utaona karibu 14.7, yaani gramu 14.7 za upepo kwa gramu moja ya petroli. Presha ikishika inatakiwa ishuke kwenye 11.5 hadi 12. Ukiona inaelekea 13 wakati turbo inasukuma, achia gesi. Usisubiri kuona kama itarudi.

Plagi weka za baridi zaidi (zinazotoa joto haraka) kwa daraja moja, na punguza mwanya mpaka milimita 0.6, la sivyo presha itazima cheche kama mtu anavyozima mshumaa.

Mabomba, theluji na joto

Manifoldi ya eksozi ichomelewe kwa stenlesi 304 na gesi ya agoni ndani na nje ya bomba. Bomba la chuma cheusi litapasuka: linatoka nyekundu kwa joto na dakika hiyohiyo linamwagiwa theluji. Funga kitambaa cha kuzuia joto, maana boneti ya sledi ni plastiki na nimeshaona moja imelegea kama chapati mbichi.

Filta ya upepo ivalishwe soksi ya kuzuia theluji. Unga wa theluji ukiingia unayeyuka, kisha unaganda tena usiku, na asubuhi filta ni jiwe. Mabomba ya upepo yafungwe kwa klipu za bolti. Zile za skrubu nyembamba huwa zinaachia siku ya mtihani.

Maji ya injini yanapozwa na theluji inayorushwa na mkanda wa chini kwenye mbavu za aluminiamu. Ukipita njia ngumu ya barafu hakuna kinachorushwa, na injini yenye turbo itachemka haraka kuliko ulivyozoea. Funga vikwaruzo vya barafu kwenye reli, vinachimba na kurusha vumbi la barafu juu.

Klachi

Watu wanatumia pesa zote kwenye turbo halafu wanalalamika pikipiki inaunguruma tu. Sledi haina gia. Ina klachi mbili na mkanda, na kwenye klachi ya mbele kuna vyuma vya uzito vinavyoamua injini izunguke kiasi gani ikiwa na mzigo wote. Nguvu ikiongezeka na uzito ukabaki uleule, injini inapitiliza mizunguko, inagonga kikomo, na mkanda unateleza.

Ongeza gramu 2 kwa kila chuma, piga mbio moja ya gesi yote kwenye theluji nzito, soma mizunguko. Bado inapitiliza? Gramu 2 nyingine. Ikizama chini ya mizunguko ambayo mtengenezaji ameandika kuwa ndiyo ya nguvu, umezidisha, toa. Fanya hivyo palepale utakapoendeshea, siyo nyuma ya gereji. Kila baada ya mbio zima injini, fungua pembeni, gusa uso wa klachi kwa mkono. Ukishindwa kuushikilia mkono hapo, nguvu yako inaishia kwenye joto la mkanda. Kinga ya mkanda usiiache nyumbani hata siku ya majaribio. Mkanda ukikatika kwenye mizunguko hiyo ni panga.

Siku ya kwanza

Weka springi ya westigeti, ile vali inayoachia moshi upite nje ya turbo presha ikifika kikomo, ya pauni 5. Ndiyo, hata kama umejenga kwa ajili ya 9. Tembea taratibu mpaka kila kitu kipate moto, kisha gesi nusu, kisha mbio fupi za sekunde tano huku macho yakiwa kwenye geji. Zima, toa plagi, zitazame kwa tochi. Vidoa vidogo vya kung'aa kwenye kauri nyeupe ni aluminiamu ya pistoni yako inaanza kuhama. Visipokuwepo, na uwiano ukiwa mzuri kwenye silinda zote, ongeza pauni moja, rudia. Sisi kutoka 5 kufika 9 ilituchukua siku tatu, na siku moja kati ya hizo tuliirudisha chini.

Wenzangu mlioko Marekani, huko sheria ya shirikisho ya hewa safi inakataza kuchezea mfumo wa moshi wa injini iliyothibitishwa, na sledi zimo kwenye vipimo hivyo tangu modeli za 2006. Ulizia kabla hujakata bomba. Na ukiipa sledi nguvu ya kupanda mahali ambapo haikuwa ikifika, umempeleka mwenye nayo kwenye miteremko inayoporomoka. Mimi siikabidhi kama sijamwona ana bikoni (kifaa cha mawimbi cha kumtafutia aliyefukiwa), koleo na fimbo ya kuchokolea theluji, na mwenzake wa kwenda naye mwenye vyote hivyo pia.

Baada ya safari ya kwanza mwaga oili ikiwa moto, kata filta yake kwa kifaa cha kukatia filta, tandaza karatasi ya ndani kwenye gazeti chini ya taa. Vumbi la kijivu ni kawaida. Punje zinazong'aa ni beringi, za turbo au za injini, na hapo unafungua kabla hujawasha tena. Angalia upya bolti za manifoldi, kwa sababu joto na baridi vitakuwa vimezilegeza.

Ya yule mkata miti inaenda msimu wa nne sasa. Juzi kanipigia simu, anataka pauni 12. Nimemwandikia karatasi: nozeli kubwa zaidi, konrodi ngumu, petroli ya mashindano. Nikamwekea na jumla chini. Hajapiga tena.